Uzi wa Shaba kwa Kidole cha Mama Mkwe

Mama mkwe wangu hakuwa na siri hata moja, na kosa lilikuwa la vidole vyake. Kabla sijaolewa katika ukoo huu, yeye na dada yake mkubwa walikaanga mandazi na sambaza, vile visamaki vya ziwani, kwa miaka mingi kando ya barabara huko Goma. Kila kilichoiva walikiokota kwenye mafuta kwa mikono mitupu, kwa sababu kijiko, walisema, kinachelewesha wateja. Ncha za vidole vyake zilikauka zikawa ngumu na nyororo kama mwiko wa zamani. Mistari ya vidole ilishafutika. Mashine za kuchukua alama za vidole humkataa, na simu za kugusa zilipoingia nyumbani kwetu Gisenyi, ng'ambo ya mpaka, nazo zikamkataa.

"Mi naigusa, yenyewe inalala tu," aliniambia siku ya kwanza, akikigonga kioo kama anabisha hodi. "Hii simu iko kipofu."

Zamani jambo hilo lisingekuwa na uzito. Alikuwa akivuka mpaka kwa miguu, kikapu mkononi, anakunywa chai kwa dada yake na kurudi jioni haijaingia. Lakini magoti yalichoka, na foleni ya mpakani haina kiti. Simu yake ya vitufe ilitumbukia kwenye beseni la nguo ikafa. Dada yake, ambaye sote tulimwita Yaya, yaani dada mkubwa, kama alivyomwita yeye, alikuwa amenunuliwa simu ya kugusa na wajukuu, na akawa anapatikana kwa intaneti tu. Basi kazi ya kupiga simu ikawa yangu.

Mimi ni fundi cherehani. Nilizaliwa na kusoma Karagwe, upande wa Tanzania, nikaja huku wazazi waliporudi kwao, nikiwa msichana mkubwa, ndiyo maana mama mkwe husema naongea kama redio. Cherehani yangu iko barazani, na mlango wa chumba chake unatazamana na baraza hiyo. Alipotaka kuongea na Yaya aliniita, nikafuta mikono, nikabonyeza, nikaishika simu mbele ya uso wake. Nilisikia kila kitu. Sikuwa na namna nyingine na, niseme ukweli, sikuitaka. Nina udadisi ambao mama yangu mzazi aliuita ugonjwa. Mgeni akiacha mkoba sebuleni, inabidi nitoke nje.

Lakini nilichokisikia kilikuwa maji matupu. Umelala? Nimelala. Magoti? Yapo. Viazi vya Mudende vimeshuka bei? Kidogo. Wanawake wawili waliokula moshi mmoja nusu ya maisha yao walizungumza kama watu waliokutana kwenye benchi la zahanati. Halafu siku moja mama mkwe alivuta pumzi, akaanza, "Yaya, ile maneno ya wakati ile..." Macho yake yakaniangukia mimi, niliyeshika simu kwa adabu zote. Akamalizia, "...ile mvua, bado inanyesha kwenu?"

Nusura niiangushe simu. Maneno gani? Wakati gani? Siku ile nilishona suruali mbili, zote mguu mmoja mfupi.

Kesho yake aliniita niketi. Hana kawaida ya kuomba, yeye huamuru.

"Mukazana," alisema, maana ndivyo mke wa mwana anavyoitwa kwetu, "we uko fundi. Unifanyie kitu kwa hiki kidole. Yaya amezeeka. Kuko maneno yenye nataka kumuambia mbele aende kwa Mungu, na siwezi kuyasema na mutu amesimama hapa kama askari."

"Mimi ndiye askari, Mama?"

"We njo askari mukubwa."

Iliniuma kidogo. Halafu, kabla hata maumivu hayajakaa vizuri, nilijikuta nakitazama kidole chake na kujiuliza kwa nini. Kwa nini kioo kinakijua changu na hakikijui chake? Kinahisi nini hasa?

Tulianza na vilivyokuwa karibu. Kulowesha kidole kulisaidia mguso mmoja, kisha kikakauka. Kwa kifundo cha kidole alimpigia mchungaji mara mbili na kupiga picha ya dari. Mume wangu alileta ile kalamu ya simu yenye mpira mweusi kichwani. Alipoishika kwa vidole vyake vile vile, simu haikutikisika. Mwishowe mimi, nikiwa namenya mboga, nilimpa karoti. Msicheke. Alikamata karoti, akaikandamiza kwenye kioo, na picha ya Yaya ikafunguka. Tulipiga kelele hadi jirani akaja kuuliza nani amejifungua. Lakini karoti ina maji, na maji yaliingia kwenye tundu la chaji, na simu ikakaa siku tatu ndani ya gunia la mchele.

"Mi siwezi kumuambia yaya maneno ya maana na karoti mukononi," alisema mama mkwe. Nilikubali.

Ndipo nikamfikiria yule mgeni wangu wa siku zote, uzi wa dhahabu. Mimi hutarizi stola za mapadre, shingo za kanzu za Waislamu wa mtaani kwetu, na mikanda ya mishanana, yale mavazi ya kujitanda ya maharusi. Uzi ule ni mkorofi. Ukiutia kwenye sindano unachanika, unajikunja, unamwaga vumbi la kumetameta. Kwa hiyo mafundi tuna njia yetu: tunauzungushia kwenye bobini, kule chini, juu tunaweka uzi wa kawaida, kisha tunashona kitambaa kikiwa kimelala kifudifudi. Unatarizi bila kuliona ua lako. Unaliona ukigeuza, na hapo ndipo unapomshukuru Mungu au unapofumua.

Nilidhani ule ni madini. Unang'aa, una baridi ukiugusa na shavu, unaitwa dhahabu. Nikashona kofia ndogo ya kidole, ya kitambaa cheupe, ncha yote imejaa dhahabu tupu. Mama mkwe aliivaa akawa kama askofu wa kidole kimoja. Aligusa kioo. Hakuna. Aligusa tena kwa upole, kisha kwa hasira.

"Dhahabu ya uongo," alisema, akanirudishia.

Nilishika njia hadi kwa fundi wa simu, mwanaume mwenye kibanda karibu na soko, aliyekulia Goma na kuhamia huku na bisibisi zake. Nilimwonyesha kofia. Alichukua kile kipimo chake chenye waya mbili, nyekundu na nyeusi, ambacho hulia zikikutana kwenye kitu kinachopitisha umeme. Akaigusisha kwenye uzi. Kimya.

"Courant haipite hapa, maman," alisema. "Hii ni plastiki."

"Plastiki na inang'aa hivi?"

"Hata mi nang'aa siku ya dimanche, nikienda kanisa."

Sikuondoka. Wateja wawili walikuja wakaenda, mimi nipo tu. Mwishowe alitafuta kwenye simu yake tukasoma pamoja, vichwa vimegusana kama wanafunzi. Kumbe ni karatasi ya plastiki nyembamba kuliko ganda la kitunguu, ambayo hupitishwa kwenye mvuke wa aluminiamu hadi madini yakaganda juu yake. Kisha hupakwa vanishi ya manjano, ndipo hukatwa kuwa nyuzi. Madini yamo, ila yamefunikwa. Tulisoma pia kwamba viko viwanda vinavyochovya nyuzi za nailoni kwenye fedha ya kweli, na nyuzi hizo hupitisha umeme kama waya, na hushonewa glavu za watu wa nchi za baridi. Nilimuuliza kama zinapatikana sokoni. Akacheka mpaka akaweka bisibisi chini.

Kabla sijatoka, alikata waya wa visikilizi vya masikioni vilivyokufa, akauchuna mbele yangu. Ndani kulikuwa na nyuzi laini, na kila uzi ulikuwa umezungushiwa utepe wa shaba mwembamba kama unywele wa mtoto. Ndani ya shaba kulikuwa na uzi kabisa, uzi wa kushonea. Miaka yote nimetia kazi ya fundi cherehani masikioni mwangu bila kujua! Nilichukua mabaki yale yote, lakini nayo yalipakwa rangi ya kuzuia umeme, na nilipoikwangua, shaba ilikatika vipande.

Njiani kurudi, nikipanda kilima, nilikumbuka mrututu.

Kwetu Karagwe mrututu ni ile chumvi ya bluu ambayo wakulima huyeyusha na kunyunyizia mibuni isiugue. Shuleni, mwalimu wetu wa kemia aliitia kwenye glasi ya maji, akatumbukiza ufunguo uliounganishwa na betri, na sisi tukaona ufunguo ukigeuka mwekundu wa shaba. Wenzangu waliandika kwenye daftari. Mimi niliuliza kama inawezekana kwa kijiti, kwa ua, kwa panzi. Mwalimu alisema inawezekana kwa kitu chochote, mradi kwanza kipakwe kitu kinachopitisha umeme, kama unga wa lile kaa la ndani ya betri. Halafu akanitoa nje, kwa kuwa panzi nilikuwa naye mfukoni.

Shemeji yangu analima viazi Mudende, naye ananyunyizia dawa ya bluu. Nilimwomba kidogo. Alileta chupa nzima, nikafurahi, nikaunganisha betri, nikasubiri asubuhi yote. Ilikuwa uji wa bluu usiofanya lolote. Kumbe yeye alikuwa ameshaichanganya na chokaa, tayari kwa viazi vyake. Nilimpigia nikamlaumu kama vile ameniharibia harusi. Maskini, hakujua hata naitakia nini. Safari ya pili aliniletea chumvi yenyewe, punje za bluu nzito, nzuri kiasi kwamba mama mkwe aliuliza kama zinavaliwa.

"Ni sumu, Mama."

"Basi utoke nayo mbali na chungu yangu."

Nilihamia nyuma ya nyumba, kwenye jiwe la kufulia. Nilivunja betri za tochi zilizokwisha, nikatoa yale makaa, nikayatwanga hadi yakawa unga mweusi. Nilichukua uzi imara wa kushonea mifuko, nikaupitisha kwenye nta ya mshumaa usinywe maji, kisha nikausugua na ule unga kwa kitambaa. Mikono yangu, pua yangu, mlango wa bafu, vyote viliingia weusi. Mume wangu alirudi kutoka ofisini akasimama, akatazama, akaingia ndani bila kuuliza. Tumeoana muda mrefu.

Niliyeyusha chumvi ya bluu kwenye gudulia la kioo, nikatumbukiza uzi na kipande cha shaba, kila kimoja na waya wake wa betri. Mara ya kwanza niligeuza nyaya. Badala ya uzi kuvaa shaba, kile kiwaya nilichoufungia ndicho kilichoanza kuliwa, mpaka kikakatika na uzi ukazama. Nilikaa nikauangalia ukiwa chini ya gudulia, nikajiona mjinga na mwenye furaha kwa pamoja. Nikageuza. Uzi upande wa kutoa wa betri, kipande cha shaba upande wa kujumlisha.

Kwa muda hakukuwa na kitu. Nikabandika maharage, nikarudi. Pale kiwaya kilipougusa uzi mweusi palikuwa na doa la waridi, dogo kama jicho la sambaza. Nikachambua mchele, nikarudi. Doa lilikuwa limepanda. Lilitambaa juu ya uzi polepole kama mchwa wanavyopanda ukuta, na nyuma yake liliacha shaba. Shaba ya kweli, juu ya uzi wa kushonea mifuko! Maharage yaliungua. Niliyaacha yaungue. Sijui kama nimewahi kuwa na asubuhi nzuri kuliko ile, nikiwa nimechuchumaa mbele ya gudulia, nikitazama kitu kisichokuwepo kikija.

Nilisuuza uzi mara nyingi, nikaukausha, nikakimbia nao sokoni kabla sijanawa uso. Fundi wa simu aligusisha waya zake kwenye ncha mbili. Kipimo kikalia tiiiii. Aligusa tena asiamini.

"Umetoa wapi?"

"Nimeutengeneza kwenye jiwe la kufulia."

Aliniangalia vile watu wanavyomwangalia mtu waliyedhani wanamjua.

Uzi wa shaba haupendi kukunjwa. Ukiuvuta kupitia kitambaa unapasuka na kumwaga magamba. Kwa hiyo niliulaza juu ya kitambaa tu, nikaubana kwa vishono vidogo vya uzi mwembamba, kimoja baada ya kingine, kwa mkono. Nilishona kofia nzuri kuliko zote nilizowahi kuzishona. Kitambaa laini, mshono hauonekani, na ndani, kwa heshima ya mama mkwe, nikatia bitana ya pamba nyeupe ili shaba isimkwaruze. Fundi anayejua kazi haachi ndani wazi. Hilo nilifundishwa kabla sijafundishwa kukata kola.

Aliivaa. Aligusa. Hakuna.

Nilitaka kulia, na nadhani nililia kidogo, kwa hasira. Mama mkwe hakunitania. Alikivua kile kitu taratibu, akakiweka mapajani, akasema, "Bon. Nitaendelea na we." Akatazama simu, kisha ukuta. Nikajua alichokuwa akikizika pale, na kwamba kesho angeniita tena, na angeuliza tena habari za mvua.

Nilirudi sokoni. Fundi wa simu aliipindua kofia ndani nje, akaiona bitana, akaanza kucheka kwa sauti mpaka mwenye duka la pili akaja kuchungulia.

"Umevalisha courant koti!" alisema. "Maman, shaba iko huku, mutu iko kule. Zitaonana wapi?"

Niliona aibu hadi masikioni. Lakini hata bila bitana, nikamwambia, ngozi ya kidole kile imekufa. Shaba itagusa nini? Akafikiri. Kisha akauliza swali ambalo nilipaswa kujiuliza mwenyewe wiki nzima.

"Sasa ile karoti yenye uliniambia ilipitisha courant namna gani?"

Nilifumba macho nikamwona mama mkwe na karoti yake. Hakuishika kwa ncha za vidole. Aliikamata kwa kiganja chote, kama mtwangio. Kiganja chake hakikuwahi kuingia kwenye mafuta. Kiganja chake kiko hai.

Kofia ya tatu ilikuwa mbaya, na nasema hivyo kwa majivuno. Haina bitana. Ndani vishono viko wazi, vifundo vinaonekana. Kutoka kwenye ncha ya kidole uzi wa shaba unateremka upande wa ndani, unapita katikati ya kiganja, unazunguka mkono mara mbili na kufungwa kama bangili ya maskini. Mama mkwe aliivaa akaigeuza huku na huku.

"Nitaonekana nimefungwa."

"Gusa tu, Mama."

Aligusa. Kioo kikawaka. Aligusa picha ya Yaya, kidogo sana, kama mtu anayeonja chumvi, na simu ikaanza kuita. Mimi nilikuwa nimesimama mahali pangu pa siku zote. Aliinua uso.

"Mukazana. Mulango."

Nikatoka, akafunga.

Sikufika hata kwenye kiti. Mlango ulifunguliwa tena, na mama mkwe akasimama pale, simu imeshakatwa, kofia ya shaba bado kidoleni.

"Kuko mutu anamushikia simu," alisema.

Sikuelewa mara moja. Kisha nikaelewa. Yaya naye alikaanga mandazi. Yaya naye alikuwa na vidole kama mwiko. Huko Goma, miezi yote hii, mke wa mjukuu wake alikuwa amesimama na simu mbele ya uso wake kwa adabu zote, akisikia habari za mvua ya Gisenyi. Pande zote mbili za mpaka kulikuwa na askari, na sikuwahi kuwaza juu ya wa pili. Mimi, ninayejifanya najua kuuliza!

"Nipe siku nne, Mama," nilisema. "Lakini kidole chake sijakipima."

Alininyooshea mkono wake. "Pima hiki. Vya yaya viko sawa na vyangu. Tulikuwa tunaazimana pete."

Nilitengeneza ya pili kwa haraka kuliko ya kwanza, maana mikono ilishajua. Mama mmoja anayevuka kila siku na vikapu vya nyanya aliibeba ndani ya kitambaa cha kichwa, pamoja na maagizo yangu: isifuliwe, isitiwe bitana na mtu yeyote anayejua kushona, na kidole kikigeuka kijani kidogo, kioshwe kwa ndimu. Kidole cha mama mkwe kilishakuwa cha kijani. Alikuwa akiwaonyesha wageni.

Jumamosi mchana simu iliita, na ni Yaya aliyepiga, mwenyewe. Mama mkwe alikuwa akichambua maharage. Alivaa kofia yake, akazungusha uzi mkononi bila haraka, akaingia chumbani, akafunga mlango. Nilibaki barazani, hatua tano kutoka kwenye mlango ule. Ubao wake ni mwembamba. Nasikia hata anapokohoa.

Nikasikia, "Yaya. Uko peke yako?" Akavuta pumzi, nikajua kwamba sasa yanakuja, yale maneno ya wakati ile, na kwamba nikikaa nilipo nitayapata yote bila hata kuinuka. Nimewaza mambo mengi juu ya maneno yale. Kwamba yalihusu dini, kwa kuwa Yaya alibaki Mwislamu na mdogo wake akabatizwa ili aolewe huku. Kwamba yalihusu mwanaume. Kwamba yalinihusu mimi. Nilitaka kujua.

Nikaketi kwenye cherehani nikaanza kukanyaga. Sikuwa na kitambaa. Sikuwa hata na uzi kwenye sindano. Nilikanyaga tu, kwa nguvu, sindano ikitoboa hewa, mashine nzima ikitetemeka na kupiga kelele kama mkokoteni wa mawe, mpaka miguu ikawaka moto, na sikuacha hadi nilipoona mlango ukifunguka.

Macho yake yalikuwa mekundu. Alinitazama, akatazama cherehani tupu. Akarudi kwenye maharage yake.

Waliongea hivyo Jumamosi nyingi, kila mmoja na kofia yake na mlango wake, na mimi nikanunua grisi, kwa kuwa cherehani ilianza kulalamika. Kisha, kabla ya mvua kubwa, asubuhi moja simu iliita kutoka Goma na haikuwa Yaya. Walimzika siku ile ile kama ilivyo desturi yao. Tulichukua gari, mpakani tukakaa kwenye foleni, na tulipofika walikuwa wameshamaliza, wanaume wanakung'uta udongo kwenye kanzu. Mama mkwe aliketi na wanawake wa nyumba ile hadi alasiri. Mke wa mjukuu, yule askari mwenzangu, alimrudishia kile kitu cha shaba, kimekunjwa vizuri kwenye leso.

Tulirudi tumekaa nyuma ya gari, mimi na yeye. Nilimshika mkono. Nilimwambia tu kwamba ninasikitika, hatukuwahi kufika tukamuaga.

"Hapana," alisema, akitazama ziwa. "Mi nilishamuambia."

Gari lilipita sokoni, likaanza kupanda kilima. Swali lilikuwa mdomoni mwangu, limekaa pale zima, na yeye alijua kwamba limekaa pale, na alingoja. Sikuliuliza.